Pande Tatu za Ukuta

"Basi niambie leo, Bi Jawaher, ukuta huo uliuzunguka lini? Usingizini?"

Sauti ya Bi Ruqaya ilipanda ngazi za jengo lile la Wattaya, Maskati, kutoka ghorofa ya chini hadi darini. Milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, maana ugomvi wa majirani ni kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa: haupigi hodi.

"Punguza sauti, jirani," akajibu Bi Jawaher, mkono wake ukiwa bado umeshika kitasa cha mlango. "Watu wanasikiliza."

"Na wasikilize! Kwani mimi n'nasema uwongo? Ayman kaiona fomu yako kwa macho yake. Umeulizwa: umewahi kufika mji huu wa Xi'an? Ukaandika kwa mkono wako: sijawahi. Sijawahi! Na mwanangu Khawla ulipomsomesha, hukumwambia kuwa umeutembea ukuta wa mji huo pande zote nne, kwa miguu yako?"

Ayman, kijana wa Bi Ruqaya, alikuwa karani katika ofisi moja ya safari kule Ruwi. Siri ikipita mezani kwake asubuhi, mchana huwa imeshafika jikoni kwa mama yake, na alasiri huandaliwa kahawa pamoja na wageni.

Jambo lenyewe lilikuwa kweli. Bi Jawaher alikuwa mwalimu. Alifundisha historia katika skuli ya wasichana kwa miaka ishirini na tisa. Katika mwaka wake wa kwanza alichora ubaoni mji wa kale wa Wachina uliozungushiwa ukuta mnene, na msichana mmoja akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, wewe umefika huko?" Macho arubaini yalimtazama. Ulimi ukateleza kama samaki mkononi, akasema, "Naam, nimefika." Nao uwongo ukishazaliwa hudai kuvishwa nguo. Akauvisha jangwa lisilo mwisho na misafara ya ngamia ikipita chini ya ukuta, na kila mwaka aliushonea nguo mpya.

Miongoni mwa wote waliomsikiliza, hakuna aliyekipenda kisa kile kama Khawla. Kwa ajili ya kisa hicho alikwenda kusomea ualimu, na sasa naye alifundisha historia na kuwaambia wanafunzi wake, "Mwalimu wangu alifika."

Kwa hiyo si ulimi wa Bi Ruqaya uliomchoma Bi Jawaher siku ile. Kilichomchoma ni kumwona Khawla amesimama nyuma ya mama yake, uso umemshuka.

"Kumbe, Bi Jawaher," alisema Khawla, kisha akaingia ndani.

Bi Jawaher! Tangu alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hakuwahi kumwita ila Mwalimu.

"Na sasa unakwenda kutafuta nini huko?" Bi Ruqaya hakuwa amemaliza.

"Nakwenda kuutembea."

"Kwa magoti hayo? Lifti ilipoharibika Ramadhani, ulifika ghorofa ya pili ukaketi kwenye ngazi ukaomba maji, na umefunga!"

Ngazi nzima ilicheka. Bi Jawaher alingoja kicheko kiishe. "Nitautembea," akasema, "na nikirudi nitakuja mlangoni kwako niseme nilichokifanya, mbele ya hawa hawa waliocheka."

Wahenga walipomtaka anayetaka cha mvunguni ainame, walikuwa na maana kwamba lenye thamani halipatikani ila kwa kulibebea taabu yake. Hawakusema atume mtu, wala hawakusema angoje kitanda kinyanyuke chenyewe. Bi Jawaher alilijua hilo, kwani alikwisha kuwahubiria watoto darasani mara nyingi kuliko nywele za kichwa chake. Kuanzia kesho yake, kila baada ya sala ya alfajiri, alizipanda na kuzishuka zile ngazi. Goti la kulia lilikuwa likilia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Bi Ruqaya alimchungulia kwenye tundu la mlango na kuwapa majirani khabari: leo kapanda mara tatu, leo mara tano, leo kapumzika mara moja tu, mwanamke huyu ana wazimu.

Ishaq, mwanawe Bi Jawaher, alikuwa na duka la taa na kila mwaka alikwenda China kuagiza mali. Safari hii alimchukua mama yake. Kazi zake katika mji mwingine zilikuwa nyingi, ila alimwekea siku moja kamili katika mji wa Xi'an, pamoja na kiongozi wa kumtembeza. "Siku moja, mama," alimwambia. "Ndege ya kurudi huku kwangu ni usiku huohuo, usichelewe."

Kiongozi alikuwa msichana mwembamba aitwaye Lin, Mwislamu wa mji uleule, aliyejifunza Kiarabu chuoni. Asubuhi alimpeleka kwenye msikiti wa kale wenye mapaa yaliyopinda kama mbawa za ndege, na Bi Jawaher akasali rakaa mbili kitini huku machozi yakimlengalenga. Walipotoka, Lin alimpitisha dukani kwa ami yake akamsalimie.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee yule alimmiminia chai. Bi Jawaher akanywa, akashukuru, kisha akakitikisa kikombe kama mtu yeyote wa Maskati anavyoitikisa finjani ya kahawa ili mwenyeji ajue kuwa ametosheka. Mzee akatabasamu, akamjazia. Akanywa kwa adabu, akakitikisa kwa nguvu zaidi. Mzee akafurahi, akamjazia. Kufikia kikombe cha saba tumbo lilikuwa limejaa kama kiriba, naye alikitikisa kikombe kama mpiga kayamba.

"Bibi, chai yetu umeipenda sana," Lin akasema.

"Mwanangu, n'nakufa! Mbona hanionei huruma?"

Alipoelezwa maana ya kule kutikisa, Lin alicheka hadi akaegemea ukuta. "Huku, bibi, ukitosheka kiache kimejaa. Kikiwa kitupu, aibu ni ya mwenyeji." Lakini saa nzima ilikuwa imekwisha kwenda, na nusu saa nyingine ikaenda katika kutafuta choo.

Jua lilikuwa limeshapanda walipoingia kwenye lango lililo karibu na pembe ya kusini-magharibi, wakaupanda ukuta na kuanza kutembea. Juu ya ukuta palikuwa papana kama barabara. Bi Jawaher alitazama nje akitafuta jangwa lake. Aliona majumba ya ghorofa, nguo zilizoanikwa madirishani, na magari yaliyobanana kama ya Ruwi jioni. Alitazama ndani, akaona mapaa ya vigae na watoto wakitoka skuli. Ngamia hakuwepo hata mmoja.

Upande wa kwanza aliumaliza akiimba kimoyomoyo. Wa pili aliumaliza akihesabu hatua. Vijana waliwapita kwa baiskeli za kukodi, na mara mbili kikapita kigari cha umeme kilichobeba wazee.

"Tupande, bibi," Lin alimsihi. "Kinazunguka ukuta wote."

"Nilisema nimetembea, mwanangu. Sikusema nimebebwa."

Upande wa tatu aliutembea kwa kuushika ukuta, goti limefura kama mkate wa boflo. Walipofika mwisho wake, jua lilikuwa linazama na Lin alikuwa akitazama saa. Upande wa nne ulinyooka mbele yao, mrefu, na ndege haingoji mtu.

"Hatuwezi kuumaliza," Lin alisema kwa upole. "Lakini njoo usimame hapa, uelekee kule. Nitakupiga picha kama umemaliza pande zote. Nani atajua?"

Bi Jawaher aliutazama upande wa nne. Alimwona tena yule msichana aliyenyoosha mkono darasani, na macho arubaini yakimngoja.

"Ndivyo hivyo nilivyojiambia siku ile," akasema. "Nani atajua. Nipeleke nikashuke ngazi, mwanangu."

Ijumaa ya kwanza tangu arudi Maskati, baada ya sala, nyumba ya Bi Ruqaya ilikuwa imejaa kama kawaida yake, wageni, wajukuu na majirani, na harufu ya mchuzi wa samaki nguru kutoka pwani ya Yiti imetangulia hadi barazani. Bi Jawaher alibisha hodi. Alikuja na mkongojo, ila alijinyoosha kama yuko mbele ya darasa.

"Haya, msafiri karudi!" Bi Ruqaya alipaza sauti. "Pande ngapi? Nne?"

"Tatu."

Bi Ruqaya alikuwa amejitayarisha kuukanusha uwongo, na sasa hakujua akanushe nini.

"Na wa nne?"

"Umenishinda. Goti, na chai."

"Chai? Chai gani tena?"

Bi Jawaher akasimulia. Alipofika kwenye kikombe cha tano wanawake walikuwa wanajipangusa machozi, na alipofika cha saba Bi Ruqaya alikuwa amejishika mbavu. "Basi! Basi, utaniua! Wallahi huyu kafika," akawaambia wenzake. "Hili halitungiki!"

Lakini Bi Jawaher hakucheka. Alikuwa anamtazama Khawla, aliyesimama kando na upawa mkononi.

"Jangwa hakuna, mwanangu. Ngamia hakuna. Kuna nguo zimeanikwa na watoto wanatoka skuli. Waambie wanafunzi wako kwamba mwalimu wako alidanganya kwa miaka ishirini na tisa, kisha akaenda, na akaweza pande tatu. Nisamehe."

Khawla aliuweka upawa juu ya kabati. Aliuvuka mkeka, akaushika mkono wenye mkongojo.

"Jumapili n'na somo la kwanza," alisema. "Ungekuja kuwaambia mwenyewe. Ile ya chai pia." Kisha akamvuta taratibu. "Mbona umesimama mlangoni, Mwalimu? Karibu ndani, tule."

Sinia lilikuwa chini, juu ya mkeka, wali wa nazi ukitoka moshi, na watu wameshalizunguka. Mtu akataka kumletea kiti, kwa kuwa wote walijua kuwa magoti yale hayakukaa chini miaka mingi. Bi Jawaher akakikataa kwa mkono. Akalishika bega la Khawla, akaanza kushuka, polepole, akiuma meno.

Bi Ruqaya akasogea kumpa nafasi, akamsukumia mnofu wa nguru upande wake.

"Teremka taratibu, shoga yangu, utafika," akasema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."