Dozi ya Mtu Mmoja

Sogeeni. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii nimeisimulia msibani, harusini na kwenye foleni ya kliniki, na kila mara kuna mtu anayerukia kujibu kabla sijamaliza.

Kwetu Upare, juu milimani, Mama Elinami alizaa watoto watatu, na kila mmoja alikuja na chake. Elinami, wa kwanza, alijaliwa kumbukumbu. Nakijwa, wa pili, alijaliwa mikono mitulivu. Mbonea, kitinda mimba, alijaliwa uvumilivu. Na wote watatu walijaliwa ugonjwa mmoja.

Mwilini mwa kila mtu kuna askari wa kumlinda, na kuna agizo dogo, wataalamu huliita jeni, linalowaambia askari hao watulie kazi ikiisha. Kwa watoto hawa agizo lile lilikuwa na kasoro. Askari hawakutulia, wakaugeukia utumbo wenyewe. Tangu shuleni waliharisha damu, wakakonda, wakakijua kila choo kilichopo kati ya nyumbani na sokoni. Mimi nilikuwa nesi wa hospitali yetu ndogo ya kule juu, nami ndiye niliyewatundikia dripu miaka yote hiyo.

Siku moja wakaja watafiti. Walisema wanaweza kuchukua virusi, kumwondolea ubaya wake, kumbebesha agizo zima lisilo na kasoro, kisha kumtuma mpaka kwenye utumbo alifikishe. Lakini walihitaji mambo matatu, na hawakuwa na hata moja.

Kwanza hawakujua kasoro iko wapi. Elinami akaanza kupanda na kushuka vilima, akaketi na shangazi zake na wajomba, akakumbuka na kukumbushwa, mpaka akataja kwa majina watu kumi na mmoja wa ukoo waliozikwa kwa tumbo la damu, tangu kwa babu wa babu yake. Watafiti wakafuata ukoo huo, wakapima damu za waliobaki, wakaiona kasoro. Bila Elinami wangekuwa wanatafuta mpaka leo.

Pili, virusi hakukubali mzigo. Nakijwa alikuwa fundi wa maabara kwa watafiti wale. Miaka mitatu alisimama mbele ya chupa za seli, anatoka kwenda chooni, anarudi, ananawa, anaanza upya. Wenzake wenye vyeo kumzidi walikwisha kukata tamaa. Jaribio la arobaini na moja likashika, na lilikuwa la mikono yake. Bila Nakijwa agizo lingebaki kwenye karatasi.

Tatu, nani angejua kama virusi yule anaingia mahali panapotakiwa? Ilibidi kumjaribu kwenye utumbo wa mtu wa ukoo ule ule. Mbonea akalala kitandani, kamera ikaingizwa, kikakatwa kipande cha utumbo, virusi akajaribiwe humo nje ya mwili. Mara kumi na tisa. Mara ya kumi na mbili alitokwa damu siku tatu, nami nilimwambia basi inatosha. Akaniuliza tu ratiba inasemaje. Bila Mbonea hakuna ambaye angethubutu kuiita dawa.

Toa mmoja, chupa ya dawa haipo. Naomba hilo mlishike.

Basi chupa ikaja, ndani ya sanduku la barafu. Ikaja moja. Wafadhili walikuwa wamejitoa, maabara ilikuwa imefungwa kwa muda usiojulikana, na kilichosalia kilikuwa dozi ya mtu mmoja. Daktari wa hospitali yetu aliwaeleza yote. Akasema imekwisha kuyeyuka na ikifika saa nane mchana itakuwa maji tu. Akasema pia kwamba kinga ya mwili ikimwona virusi huyu mara moja haimsahau, kwa hiyo anayepewa apewe yote, kwa kuwa mara ya pili atafukuzwa mlangoni. Tuliitikia kwa heshima, kama tunavyowaitikia watu waliosoma. Kisha akaitwa chumba cha upasuaji kwa mzazi aliyekuwa katika hatari, akaniachia kazi: jina watakalolitaja, nimtundikie.

Tukabaki watano: mimi, mama na watoto wake.

Nakijwa alianza. Alisema apewe yeye, kwa kuwa maabara ikifunguliwa atahitajika mzima ili awatengenezee ndugu zake. Alisema kweli.

Mbonea alimsikiliza mpaka mwisho. Wakati huo alikuwa na kilo thelathini na nane. "Dada," akasema, "mimi hiyo nyingine sitaifikia." Naye alisema kweli.

Elinami alikuwa na watoto wanne, na mkewe alikwisha kufariki. Wote tulitazamia kaka mkubwa ajitoe. Ilipofika saa saba na nusu akasema, "Nataka kuishi. Naona haya kulisema mbele ya Mbonea, lakini nataka kuishi."

Sasa, kwetu kuna msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu wa kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na chakula cha kazi hiyo hugawanywa sawa. Aliyechimba hula, na hakuna anayepimiwa zaidi ya mwenzake. Kwa miaka thelathini aliyeshika mwiko wa kugawa alikuwa Mama Elinami. Alinitazama, akasema, "Nesi, wamechimba wote. Wagawie."

Nilikuwa nimemsikia daktari. Niliyasikia maneno yake, na bado nikajiambia kidogo kitasaidia kidogo. Nikapima kwa bomba la sindano mpaka tone la mwisho, dripu tatu, sawasawa. Sijapata kugawa kitu kwa haki kama siku ile.

Kwa siku kumi na tisa damu ilikata. Walikaa sebuleni kwa mama yao wakala makande, maharage na yote, chakula ambacho walikuwa hawajakigusa tangu utoto. Mbonea aliomba kuongezewa. Nilikuwepo, nikalia kwa furaha, na furaha ile naijutia.

Siku ya ishirini Mbonea alikimbilia chooni. Wiki haikuisha, wote watatu walikuwa wamerudi kwangu.

Baada ya mwaka maabara ilifunguliwa. Nakijwa akatengeneza dawa nyingine, dozi kamili, tatu. Wakapewa. Miili yao ikamtambua yule virusi ikamfukuza, kama tulivyoambiwa. Mbonea tukamzika wakati wa baridi, na orodha ya Elinami ikafika kumi na mbili. Elinami sasa hatoki kitandani. Nakijwa bado anasimama maabara, anatengeneza chupa za watu wa koo nyingine asiowajua, na kila chupa inayotoka mikononi mwake ingeweza kumponya mtu yeyote isipokuwa yeye na kaka yake.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mama Elinami haniulizi kwa nini niligawa. Kila nikimtembelea huniuliza jambo moja: "Nesi, kwani ilikuwa nimpe nani?" Nami miaka sita sina jibu, ndiyo maana nawasumbua ninyi. Wa kumbukumbu, ambaye bila yeye kasoro isingeonekana? Wa mikono, ambaye bila yeye dawa isingekuwepo? Au wa uvumilivu, ambaye bila yeye isingejulikana kama inafanya kazi? Msiniambie wagawane. Hilo tulikwisha kulijibu, na kaburi lake lipo.

Kesho asubuhi napanda kwa Mama Elinami. Chupa ni moja, saa nane inakaribia, na wote watatu wamekaa wanakutazama. Je, wewe ungempa nani?