Risasi ya Mama Wande

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa pori, pori likawa na nyati, nyati akawa na hasira. Walio macho waitike!
— Tuko macho!
Na anayesinzia?
— Apigwe kiwiko!

Haya. Hapo kale, kabla babu zenu hawajaota meno, palikuwa na mwindaji katika pori la miombo. Jina lake Mihambo. Shabaha anayo, gobore analo, mke anaye, mtoto anaye. Alichokosa ni kitu kimoja tu: utulivu. Akikaa kigodani, miguu humwambia, "Twende! Twende! Twende!" Akila, anakula amesimama. Akilala, mguu mmoja uko nje ya kitanda. Mnacheka? Na wewe hapo karibu na mlango, mbona unatikisa goti?

Sasa, wawindaji wa huko walikuwa na mila yao. Kila mtu humimina risasi zake. Huyeyusha madini ya risasi motoni, hutia bati kidogo, hukoroga, humimina kwenye kalibu, kisha hukaa kimya mpaka zipoe. Bati ndilo huipa risasi mifupa. Na mnyama akianguka, hupasuliwa, itafutwe risasi iliyomuua. Mwenye risasi ndiye mwenye mkia. Na mkia wa nyati si wa kufukuzia nzi tu, jamani. Anayeushika akisema neno barazani, watu hulifuata.

Mihambo alimimina vipi? Amesimama! Bati hakutia, maana kukoroga kunataka subira. Risasi zake zilitoka ndogo, nyepesi, zina mapovu ndani. Lakini zikienda, zinaenda! Siku ya mashindano alipasua kibuyu cha kwanza, akapasua cha pili, akapasua cha tatu. Watu wakashangilia, naye akavimba kichwa.

Mkewe Kabula, mama wa Wande, akamwambia, "Baba Wande, kibuyu hakina mfupa."

"Aa, Mama Wande! Risasi nzito ina uvivu. Inainama njiani kama mkwe anayesalimu. Mimi nataka yenye mbio."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Mihambo akasikia? Hakusikia. Alikwisha kutoka zamani, yuko porini!

Huko akamwona nyati dume. Miguu ikasema, "Twende! Twende! Twende!" Akafyatua. Pwaa! Risasi ikafika kabla ya mlio wake, ikagonga bega, ikapasuka pale pale juu kama yai. Nyati hakufa. Alichanika ngozi tu, akaingia kichakani na uchungu wake. Na nyati aliyejeruhiwa hasahau.

Mila ilimtaka Mihambo arudi kijijini apige kelele, "Nimejeruhi, msitoke!" Lakini bingwa wa vibuyu atasemaje hayo? Aliona haya, akafunga mdomo. Akarudi nyumbani, akawasha moto, akamimina risasi moja kubwa. Uzito ilikuwa nao, ila bati hakutia tena. Hakungoja hata ipoe vizuri.

Kabula alimwona. Aliona pia kuwa bati halikuingia. Mumewe alipoondoka kuzungukazunguka, alivua bangili yake ya bati, ile aliyopewa na mama yake, akaiyeyusha pamoja na madini ya risasi. Akakoroga. Akamimina. Akakaa kimya mpaka ikapoa. Kisha akaiweka ndani kabisa ya mfuko wa ngozi wa mumewe. Ninyi mmeona, eh? Msimwambie Mihambo!

Kesho yake asubuhi Kabula akaenda kisimani, Wande mgongoni. Nani alimwambia asiende? Hakuna.

Mara yowe! Mihambo akanyakua gobore na mfuko wake, akakimbia. Akamkuta mkewe na mtoto juu ya mti mwembamba, na nyati chini anaugonga kwa pembe. Gu! Gu! Gu!

"Baba Wande! Mti unang'oka!"

 Mimi ndiye niliyemleta nyati huyu, akawaza Mihambo, na machozi yakamtoka. Akashindilia ile risasi kubwa, akafyatua kutoka mbali. Pwaa! Ikampata begani, ikaingia vidole viwili, ikakuta mfupa, ikalala bapa kama chapati. Nyati akatikisa sikio.

Akatia mkono mfukoni. Iko moja. Nzito, ngumu, haina povu. Yeye hakuimimina. Akaishindilia, akainua gobore.

Kabula akaita kutoka juu, "Usipige kutoka huko! Ni nzito, itaanguka njiani! Njoo karibu! Njoo taratibu!"

Kisha akavua kaniki yake ya begani, akamtupia nyati usoni. Nyati akawa anapigana na kaniki. Mihambo akalala kifudifudi, akatambaa. Miguu ikalia, "Twende! Twende! Twende!"

"Tulieni," akanong'ona. "Mmenitia msiba wa kutosha."

Akatambaa hadi akasikia harufu ya tope mgongoni mwa nyati. Akangoja mnyama ageuze ubavu. Mti ukalia kwaa! Akangoja. Wande akalia. Akangoja. Ubavu ukageuka.

Pwaa!

Ikapita ngozi, ikapita mbavu, ikafika moyoni. Nyati akapiga magoti, akaanguka.

Wawindaji wakaja, wakapasua. Bundala, mkuu wao, akatoa kipande bapa. "Ya nani?"

"Yangu," Mihambo akasema.

Akatoa nyingine moyoni, nzima, inang'aa. "Na hii?"

Mkono wa Mihambo ulikwisha kuuendea mkia. Ndipo akauona mkono wa mkewe: mtupu, na alama nyeupe pale ilipokaa bangili. Akarudisha mkono wake.

"Si yangu. Ni ya Mama Wande."

Wawindaji wakaguna. "Mwanamke ashike mkia?"

Bundala akasema, "Mila haikusema mwanamume. Ilisema mwenye risasi."

Kabula akapokea mkia. Jioni, baraza lote likangoja neno lake la kwanza. Akamtazama mumewe, akasema:

"Baba Wande, kaa chini."

Akakaa.

Nami hadithi nimeimimina, imepoa. Ukiiona nzito, nenda nayo. Ukiiona nyepesi, hukungoja ipoe. Imekwisha?
— Imekwisha!
Basi na wewe wa mlangoni, tuliza goti.