Mihuri Mitano ya Wartini

Kanda la usufi hulibeba hata mtoto, tena akiimba. Ndivyo mzigo unavyoonekana machoni pa asiyeubeba.

Wartini, mjane wa mji wa Kediri, alitengeneza tempe, soya zilizochachushwa ndani ya majani ya mgomba. Duka moja kubwa lilikubali kuuza tempe zake za kukaanga msimu wa Idi, mradi apate leseni kabla ya mfungo. Hilo ndilo lililokuwa tumaini lake la kumrudisha bintiye chuoni. Lakini leseni ilitaka mihuri ya ofisi tano, na kila ofisi ilidai nakala ya karatasi iliyobaki ofisi nyingine. Tempe nayo haijui foleni. Kila alipoambiwa arudi kesho, Wartini alikuta nyumbani zimepitiliza, nyeusi kama masizi.

Siku moja, mbele ya foleni, alimlilia Bwana Hargono, mkuu wa ofisi ya leseni. Hargono hakuwa mtu mbaya. Alicheka kwa upole tu.

"Mihuri mitano, Mama? Hiyo ni asubuhi moja, na kahawa utakunywa."

"Basi kesho nibebee wewe, Baba. Mimi nina tempe jikoni."

Foleni nzima iliangua kicheko. Hargono akaona haya kukataa.

Kesho yake aliacha sare nyumbani, akavaa kofia ya pikipiki, akashika njia na kabrasha la Wartini. Mjumbe wa mtaa alikuwa kwenye shughuli ya jirani, na muhuri ulikuwa mfukoni mwake. Kata walimrudisha kwa mjumbe kwa kosa la tarehe. Alasiri, jasho likimtiririka, alifika dirisha la ofisi yake mwenyewe.

"Nakala hii haijathibitishwa," karani alisema, macho kwenye simu. "Rudi kesho, mjomba. Na usininunie, hapa si kwa mama yako."

Hargono akavua kofia. Simu ikamponyoka karani. Lakini Hargono hakumkaripia, kwani utaratibu uliobandikwa ukutani ulikuwa na saini yake mwenyewe.

Jioni alimrudia Wartini mikono mitupu. Wartini akampakulia wali na mchuzi wa pilipili wa tempe zilizopitiliza, maana kwao hazitupwi. Hargono akausifu.

"Ni zile zilizonisubiri nikiwa kwenye foleni yako, Baba," Wartini alisema. "Kula tu. Hazina kinyongo."

Hargono akaimaliza sahani. Wiki hiyohiyo aliwasihi wakubwa wake hadi wakakubali: wapishi wadogo wa nyumbani wajiandikishe dirisha moja, kwa kitambulisho na ahadi ya usafi, na mkaguzi ndiye afunge safari kwenda jikoni kwao.

Leseni ilitoka mwezi wa mfungo haujaandama. Wartini alipeleka kapu la tempe ofisini. Hargono akalirudisha, kwa kuwa mtumishi wa umma haruhusiwi kupokea zawadi. Basi Wartini akaualika mtaa mzima kwenye dua ya shukrani, akamwombea Hargono kwa jina.

"Nisamehe, Mama," Hargono alisema mkekani. "Niliuona mzigo wako mwepesi."

"Umeubeba siku moja, Baba, ukatutua sote."

Na wote waliokuwa wamecheka kwenye foleni wakaitikia amina, wakijua sasa kwamba kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.