Mkaguzi wa Moshi na Tenga la Bi Pimbi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nyumba.

Ya nani?

Ya upepo. Mwenye nyumba yuko nje anaota jua, maana ndani kuna baridi kuliko nje.

Basi mwingize ndani, msimulizi, asije akaugua.

Haya, tunamwingiza. Alikuwapo Bi Pimbi, mjane, mdogo wa mwili, mwingi wa fikra. Alikaa na wanawe watatu juu ya kilima chenye ukungu, katika nyumba yenye nyufa tatu. Upepo uliingia kwa ufa wa mlangoni, fyuuu. Ukatokea kwa ufa wa dirishani, fyuuu. Kisha ukarudi kwa ufa wa darini, fyuuu, kama mgeni aliyesahau kofia. Kwa hiyo Bi Pimbi aliwasha moto asubuhi, akaukoka adhuhuri, akaukoka tena alasiri. Nusu ya kuni ilipika maharage. Nusu ilipasha joto upepo uliokuwa safarini.

Msitu ukapungua. Mfalme Simba akatoa waraka, na waraka ulikuwa na vifungu. Kila nyumba ibane kuni. Moto utakaokutwa unawaka ovyo, chungu kilicho juu yake kichukuliwe sampuli. Sampuli ichukuliwe mbele ya mashahidi. Kulikuwa na kifungu cha nne pia, lakini kilikuwa ukurasa wa nyuma, na ukurasa wa nyuma hausomwi na mtu.

Akateuliwa Nyani kuwa Mkaguzi wa Moshi, kwa kuwa alikuwa na nguvu, alikuwa na sauti, na alikuwa na kijiko chake mwenyewe.

Siku ya kwanza, moshi ukafuka kwa Bi Pimbi. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi hapa."

"Karibu, mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeona moshi. Mashahidi wako wapi?"

"Nina hawa wanangu tu."

"Wanatosha. Watoto, shuhudieni."

Nyani akachukua sampuli. Sampuli ikafika nusu ya chungu, ikapita, ikagonga chini, kwangu kwangu. Akaacha mfuniko, maana waraka haukutaja mfuniko. Kuni zilizobaki akazibeba kama vielelezo, na vielelezo akavihifadhi kwake, mekoni.

Siku ya pili, moshi ukafuka. Ngo, ngo, ngo. Hodi, karibu, kwangu kwangu, na mfuniko ukabaki.

Jioni yake Bi Pimbi akatazama ndani ya kibuyu. Palibaki kibaba kimoja cha maharage. Ya shambani yalikuwa bado maua.

"Mama," akasema kitindamimba, "kesho na sisi tutakuwa mashahidi tena?"

"Kesho mtakula."

Akayaloweka maharage usiku kucha, yakalainika. Alfajiri akakanda udongo na samadi. Akaziba ufa wa kwanza: fyuuu ikawa fyuu. Akaziba ufa wa pili: fyuu ikawa fyu. Akaziba ufa wa tatu: kimya. Watoto wakatazamana, hawakuwahi kuisikia nyumba yao ikinyamaza. Mlangoni akatundika mkeka wa zamani. Mafiga matatu akayazungushia ukuta wa udongo, moto upate kukaa nyumbani kama watu wengine.

Kisha akachukua kuni mbili kavu, akawasha, akabandika chungu. Maharage yakachemka, tokota tokota. Yakachemka kiasi cha kutwanga kinu kimoja tu cha mahindi, akaepua. Mfuniko akaubandika kwa unga uliokandwa, isitoke harufu wala mvuke. Chungu akakizika ndani ya tenga lililojaa majani makavu, akakivika blanketi kuukuu, juu akaweka ubao mnene, juu ya ubao ngozi. Moto akauzima. Tssss.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi. Nimeona moshi."

"Ulikuwepo, mheshimiwa. Umeshaondoka. Hamkukutana njiani?"

Nyani akagusa jiko: majivu. Akachungulia chini ya kitanda: viatu. Akanusa: hakuna kitu.

"Bi Pimbi, mnakula nini humu?"

"Tunabana, kama waraka ulivyosema."

"Nami nitabana hapahapa mpaka uwashe moto. Nipe kiti."

Bi Pimbi akakuna kichwa. Nyumba nzima ilikuwa na kiti kimoja, nacho hakikuwa kiti.

"Kaa hapo kwenye tenga, mzee wangu. Samahani kwa uduni."

Nyani akakaa. Lo, pakawa na joto la kupendeza. Na yeye naye mwili wake mkubwa, wenye moto, ukafunika tenga barabara kuliko blanketi lolote. Wahenga walishasema jambo kuhusu Nyani na asichokiona nyuma yake. Sitalirudia, watoto wapo.

"Kiti kizuri," akasema Nyani.

"Cha urithi," akasema Bi Pimbi. "Mheshimiwa, unapokaa bure hivi, hebu niazime huo waraka niusome."

Akasoma ukurasa wa mbele. Akageuza, akasoma wa nyuma. Akatabasamu kidogo. Maharage yakaendelea kuiva chini ya serikali.

Jua lilipovuka utosi, Bi Pimbi akafunua mkeka wa mlangoni, akatazama ng'ambo ya bonde.

"Mzee, mbona ule moshi pale haujakatika tangu asubuhi?"

Nyani akaruka. Moshi gani huo, mweusi, mnene kama mkia wa ng'ombe. Tumbo lake likanguruma, nguru nguru.

"Mashahidi," akaita njia nzima, "mashahidi twendeni."

Wakatoka majirani, Kobe, Kanga na Nungunungu, na Bi Pimbi nyuma yao na waraka mkononi. Wakashuka bonde, wakapanda ng'ambo, wakaufuata moshi mpaka mlangoni. Nyani akainua mkono agonge. Mkono ukaganda hewani.

Ilikuwa nyumba yake mwenyewe. Nyufa kila pembe, madirisha manne yasiyo na vibao, na ndani vielelezo vinawaka gogo juu ya gogo chini ya chungu kikubwa cha viazi alichokiacha jikoni asubuhi.

"Gonga, mheshimiwa," akasema Kobe.

"Mimi... mimi nina udhuru."

"Kifungu cha nne," akasoma Bi Pimbi polepole. "Mkaguzi akiwa na udhuru, sampuli itachukuliwa na mashahidi."

Kwangu kwangu. Mfuniko wakauacha. Fungu la Bi Pimbi lilijaa kapu, likawatosha hadi maua ya shambani yakawa maganda. Na nyumbani tenga lilipofunuliwa, maharage yalikuwa laini, moto, yanasubiri. Watoto walikula bila kushuhudia chochote.

Nyani naye akapeleka ripoti kwa Simba: "Moshi umepungua kilimani kote, isipokuwa nyumba moja. Mwenye nyumba ameonywa vikali." Kesho yake asubuhi, ngo, ngo, ngo.

"Umeona moshi?" akauliza Bi Pimbi.

"Hapana, mama," akasema Nyani, akitazama chini. "Ule udongo, unachanganya na nini?"

Basi funzo ni hili, watoto: msizibe nyufa, msiloweke maharage, wala msisome ukurasa wa nyuma wa waraka. Mkifanya hivyo, Mkaguzi atakula wapi?

Hadithi imeiva, nimeiepua. Mwenye bakuli apakue. Asiye na bakuli alambe mwiko, na afunge mlango akitoka.