Alama ya Mzinga wa Mninga

Hapo zamani, si zamani ya fisi kunena, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mrina asali aitwaye Lubinza. Mzinga wake bora, alioachiwa na baba yake, ulikaa juu ya mninga mkubwa. Siku moja akapanda kuurina, tawi likakatika, puu! Akaangukia kichwa.

Watu wakajaa. Huyu anataka kumkalisha, yule kaja na kata ya maji amnyweshe. Jirani yake Kapela, waliyenuniana naye mwaka wa tatu kwa sababu ya mpaka wa shamba, akaokota fimbo. "Atakayemwinua namchapa. Aachwe alale hivyo hivyo, shingo isipinde." Wakamtukana matusi ya nguoni, hakubanduka.

Mara Lubinza akazinduka. "Nyuki wameshatulia?" Watu wakacheka, wakamshukuru Mungu. "Nyuki wameshatulia?" Wakacheka tena. Alipouliza mara ya tatu, mkewe Kalunde hakucheka.

"Huyu si mzima. Hospitali, sasa hivi."

"Mama we, mtu anaongea, hospitali ya nini?"

Kalunde akakimbia kwenda kumleta mwenye trekta, na tela nyuma.

Njiani Lubinza akazimika kabisa. Ndani ya tela alikuwamo mama mkwe wake, Bi Nyamizi. Na kwao mkwe hamgusi mkwe, hata salamu hutumwa. Bi Nyamizi akaweka haya pembeni, akakishika kichwa kile kwa viganja viwili, kisicheze, mashimo yote ya njia ile. Lubinza alipotapika, mama mkwe akasaidiwa kumgeuza ubavu, kichwa na mwili pamoja kama gogo, asipaliwe.

"Damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu," daktari alisema baada ya kumpasua. "Mngekosea moja tu, mngezika."

Lubinza akapona, ila tangu alipokanyaga tawi hakumbuki kitu. Kwa furaha akaapa mbele ya watu: aliyeniokoa, mzinga wa mninga ni wake. Sasa kijijini kwao mzinga huchongwa alama ya mtu mmoja. Ukiwa na alama mbili, wanasema, nyuki huhama.

Kapela akasema, "Bila fimbo yangu wangemmaliza pale pale. Nami ndiye adui yake."

Kalunde akasema, "Ungemlinda mpaka afe, watu wakicheka. Mimi ndiye niliyejua."

"Mke akipewa," Kapela akadakia, "asali imetoka chumbani imeingia jikoni."

Bi Nyamizi akasema akiwa nyuma ya ukuta, "Nimemshika mkwe wangu kichwa, kijiji kizima kinatazama. Haya yangu nani atanirudishia?"

Maskini Lubinza. Aliwaamini wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa, maana mzinga wa baba ni mmoja na kiapo hakirudi. Akaweka kisu juu ya gome la mzinga, akainua uso.

"Nyuki wameshatulia?"

Wote watatu wakaruka, hata Bi Nyamizi akachungulia. Lubinza, aliyekuwa amesimuliwa swali lake la siku ile, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Rudia tena," Kalunde akamwambia, "nikuangushe mwenyewe."

Haya, yeye hakumbuki, lakini nyinyi mmesikia yote. Kisu kiko juu ya gome: achonge alama ya nani?