Kiboko na Utafiti wa Pimbi

Mpo, wasikivu?
— Tupo!
Masikio yako wazi?
— Wazi kama mlango wa harusi!
Basi ngano inakuja.
— Ije, tuipokee!

Alikuwako Pimbi, mwanafunzi wa sekondari, mdogo, hana mkia, ila akili alikuwa nazo mpaka za akiba. Alifanya utafiti wa jinsi maji ya mvua yanavyojificha katika mianya ya miamba. Mwenzake Popo alichunguza mbu. Fuko alichunguza mizizi.

Wakampelekea kazi Mwalimu Mkuu, Kiboko. Kiboko akazitia kabatini, kufuli ka! Kila palipokuwa na mkutano wa walimu, alisoma moja. "Kazi yangu hii!" Akapigiwa makofi, pa-pa-pa, akatunzwa mzigo wa miwa.

Kiangazi kikaingia. Shule ya milimani ikakaukiwa visima. Wanafunzi wa huko wakawa wanauliza, "Jamani, hakuna aliyechunguza maji?" Pimbi roho ikamuuma. Utafiti upo, umefungiwa!

Akaenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema upesi."

"Tutengeneze hifadhi ya kidijitali, Mwalimu. Tafiti zote ziingie kwenye kompyuta, shule zote zisome."

"Sitaki!"

"Hata zikiandikwa jina lako?"

Kiboko akatega sikio. "Zote?"

"Zote, Mwalimu."

"Na shule zote zitaliona?"

"Zote, Mwalimu." Pimbi akainamisha kichwa, asionekane anacheka.

Kabati likafunguka, kraaa! Pimbi akapiga picha kila ukurasa, chwaa! chwaa! Milimani wakasoma, wakaenda miambani, wakapata maji. Wakaja mbio na miwa kichwani kumshukuru mtaalamu.

"Mtafiti, umeandika hapa: 'Nilikwea mwamba mkavu kwa miguu mitupu.' Tuonyeshe!"

Kiboko akakwea. Paru, paru, paru... puu!

"Na hapa: 'Nilining'inia tawini kichwa chini.' Tuonyeshe!"

Kiboko akaning'inia. Kwi, kwi, kwaa! Tawi likakatika kati. Puu!

"Na hapa: 'Niliingia shimoni kwa kutanguliza pua.' Tuonyeshe!"

Kiboko akatanguliza pua. Pua ikaingia. Kiboko hakuingia. Na pua haikutoka.

"Si zangu!" akalia, sauti ikitokea ardhini. "Ya mwamba ni ya Pimbi! Ya tawi ni ya Popo! Ya shimo ni ya Fuko! Nivuteni, wanangu!"

Pimbi hakuvuta kwanza. Aliketi kwenye kompyuta. Tik! Jina la Pimbi. Tik! Jina la Popo. Tik! Jina la Fuko. Ndipo akasema, "Haya jamani, tumtoe mwalimu wetu."

Wakavuta, hiii! Chopo! Kiboko akaangukia matako. Alipoinuka kuulizia miwa, akakuta maganda.

Ngano imefika ukingoni. Kama tamu, gawaneni.
— Na kama chungu?
Nirudishieni, nitaitia asali.

Funzo lake, wanangu: msiibe kamwe kazi ya mwenzenu kabla hamjasoma vizuri aliifanyaje.