Vizibao Viwili

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana baadhi yenu mlishaanza kunyoa ndevu, kulikuwa na timu ya mpira huko Rungwe, katikati ya mashamba ya chai. Timu ya ushirika wa wakulima. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye simu, ama uizime ama ukakae nje na mvua, kwa sababu mwisho wa hadithi hii nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kocha wa timu hiyo alikuwa Mwaisaka, ila wachezaji walimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa jicho. Alikaa benchi na koti lake zito, akamtazama mchezaji anavyoingia uwanjani, basi keshammaliza: huyu anafaa, huyu hafai. Kati ya wasiofaa alikuwemo kiungo mmoja, Lugano. Alitembea mabega yameshuka, mdomo wazi, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Mvivu huyo," alisema Mwalimu, na msimu mzima kijana akasugua benchi. Yeye hakulalamika. Aliyelalamika ni mama yake, mjane mwenye shamba la migomba, lakini nani anamsikiliza mama wa mchezaji?

Ndipo ushirika ukamwajiri Tusekile, binti wa takwimu. Alikuja na kompyuta, na kamera ya kufunga juu ya mlingoti, na vizibao vyeusi vya kubana kifua, kila kimoja na kifaa kidogo mgongoni. Ukikivaa, kifaa kinajua umekimbia wapi, kwa kasi gani, na umechoka lini. Wachezaji walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Dada Tuse, hii si sidiria?"

"Vaa, wewe. Sidiria haitakwambia kama unakimbia au unazurura."

Wakavaa. Baada ya mechi kadhaa Tusekile akamwita Mwalimu ofisini, akamgeuzia kompyuta.

"Mwalimu, nani anakimbia kuliko wote kwenye timu hii?"

Mwalimu akamtaja winga wake.

"Siye. Nani ananyang'anya mipira mingi kuliko wote?"

Mwalimu akamtaja beki wake.

"Siye. Ni Lugano, yote mawili. Mazoezini, na kwenye vile vipande vidogo vya mechi unavyomwingiza. Kasoro yake ni moja tu. Akipokea mpira anakuwa ameangalia goli letu, kwa hiyo anaupoteza. Mfundishe apokee huku anageuka."

Mwalimu alitoka jasho, na huko kwao ni baridi, mnajua. Lakini hakuwa mjinga wala mkaidi. Kesho yake akampeleka Lugano pembeni, akamrushia mpira: pokea, geuka. Pokea, geuka. Mvua ikinyesha, pokea, geuka. Wenzake wakienda kunywa chai, wao wawili bado wako pale kwenye matope. Mpaka siku moja kwenye mechi kijana akapokea, akageuka, na beki aliyekuwa nyuma yake akabaki anakumbatia hewa. Uwanja mzima ukasimama. Toka siku hiyo timu ikawa inamchezea Lugano, na Lugano akawa anaichezesha timu.

Mwalimu akawaita wachezaji wote. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, akavua kofia mbele yao.

"Jicho langu limemwonea kijana huyu," alisema. "Kuanzia leo namba ndizo zitasema nani anacheza na nani anapumzika. Nikiona hivi na namba zikasema vile, mimi nitanyamaza. Mnishuhudie."

Wakampigia makofi. Wewe unayecheka hapo, ulishawahi kuvua kofia mbele ya vijana wako?

Sasa, timu hiyo ilikuwa na desturi yake, ya tangu kabla ya vizibao. Mchezaji mgeni akifika, nahodha anamtafutia pacha. Si ndugu yake, ni mchezaji mwenzake. Pacha mnakula sahani moja, mnafuliana jezi, mnaanika kamba moja. Pacha wako akichelewa, unamwekea chakula. Akikosea, unatumikia adhabu naye. Hakuna aliyeruhusiwa kumsema pacha wake kwa kocha, na aliyethubutu hakukaa timuni. Pacha wa Lugano alikuwa Ambokile, beki wa kushoto, kijana wa maneno machache na mapafu ya farasi. Mwalimu mwenyewe aliipenda desturi ile. Alisema ndiyo inayofanya timu iwe timu.

Basi ikaja habari kwamba klabu kubwa ya Dar es Salaam ingetuma watu waje kutazama mechi ya Jumamosi. Mji mzima ukawa hauongei lingine. Lakini hao wageni walikuwa watu wa kisasa: kabla ya kuja walitaka wapelekewe namba za mbio za kupimwa za wiki ile, ili wajue wanakuja kumtazama nani. Na kanuni ya Tusekile ilijulikana kwa wote. Katikati ya wiki mnakimbia mbio za kupimwa kuzunguka mashamba ya chai. Namba zako zikishuka chini ya kawaida yako, mwili wako una jambo, unapumzika mpaka zirudi. Kanuni nzuri. Tangu waianze, wachezaji walikuwa hawaumii ovyo.

Siku ya mbio ukungu ulishuka. Ukungu wa Rungwe usiufanyie mzaha, unanyoosha mkono huvioni vidole. Mwalimu alisimama pale mwisho wa njia akisikia viatu tu vikipita, cha-cha-cha. Hakuona mtu. Jioni Tusekile akamletea majibu: wote wazima. Lugano mzima, tena amekimbia kuliko kawaida yake. Mwalimu akashukuru Mungu.

Jumamosi ikafika. Mwalimu alikuwa amesimama nje ya chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji wanashuka ngazi. Lugano akashuka ubavuubavu, mkono ukutani, mguu mmoja ukiutafuta mwenzake kwenye kila kidato, kama bibi kizee anayeteremka kwenda kisimani. Moyo wa Mwalimu ukapiga paa!

"Lugano. Mguu una nini?"

"Mzima, Mwalimu. Baridi tu."

Jicho lile la zamani likamwambia: huyu mweke benchi. Likamwambia mara ya pili. Mwalimu akafungua mdomo. Akakumbuka kofia aliyoivua, akakumbuka makofi, akakumbuka kijana yuleyule aliyemweka benchi msimu mzima kwa ajili ya jicho hilohilo. Akafumba mdomo. Lugano akaingia uwanjani.

Na alicheza, jamani. Kipindi cha kwanza chote alicheza kama mtu aliyewekewa injini. Wageni wa Dar wakawa wanamnyooshea vidole. Kipindi cha pili mpira ukapigwa kutoka nyuma, ukaja kwake, na beki nyuma yake. Akapokea, akageuka. Hakuguswa na mtu. Mwili uligeuka, mguu ukabaki ulipokuwa, na Mwalimu akasikia ukelele ambao mpaka leo ukimtajia mechi ile anaziba masikio.

Twendeni hospitalini sasa. Ni mchana, saa ya kuona wagonjwa. Nje ya chumba cha Lugano kuna benchi ndefu, na mama yake ameketi hapo, khanga imembana kichwani. Mbele yake wamesimama Mwalimu, Tusekile na Ambokile. Daktari ndiyo kwanza ameondoka. Amewaambia wazi, kwa sauti ya chini: mishipa ya ndani ya goti imekatika yote, na gegedu, ile nyama ngumu inayokinga mifupa isisuguane, limesagika. Ilianza kukatika kabla ya mechi. Kutembea atatembea. Mpira, basi. Na akasema mgonjwa bado hajui, anadhani ni jambo la wiki chache, na ni vizuri akaambiwa na watu wake.

Mama Lugano aliwatazama mmoja mmoja.

"Mimi siingii humo," alisema. "Mwanangu ana goti na mpira tu duniani, shule hakusoma, shamba langu si la kulisha wawili. Mimi nikamwambie nini? Daktari kasema goti lilianza kukatika kabla. Basi yuko aliyejua. Huyo aliyejua akanyamaza, huyo ndiye aliyemvunja mwanangu. Aingie, amkalishe, amwambie kwa mdomo wake. Wengine mwende makwenu, sitaki kuwaona."

Mwalimu akasogea mbele.

"Ni mimi, mama. Nilimwona anavyoshuka ngazi. Nilijua. Nilinyamaza, na sababu ninayo. Jicho hili ndilo lililomnyima mwanao msimu mzima, na wewe ulikuja ukanililia. Niliapa mbele ya vijana wote kwamba sitalifuata tena. Ningemtoa Jumamosi, mbele ya wale wageni, namba zinasema mzima, ungekuja kuniambia nini? Lakini nilijua. Niache niingie."

"Mwalimu hakujua kitu," Tusekile akamkatiza. Macho yalikuwa mekundu. "Aliona mguu tu. Mimi niliona zaidi. Namba za Lugano na za Ambokile siku ya mbio zilikuwa moja. Si kukaribiana, moja. Anaposimama huyu, anasimama na huyu. Anapopumua, vilevile. Watu wawili hawakimbii hivyo hata wakiwa wamefungwa kamba. Niliziangalia mpaka macho yakauma, kisha nikazipeleka Dar. Nilinyamaza, na sababu ninayo. Nilijiambia ni pacha, wanakimbia bega kwa bega. Na nilijua nikisema vifaa vimedanganya, hakuna atakayeviamini tena, na kila kijana aliye benchi kwa kuonewa atabaki hapo. Ila ndani yangu, mama, nilijua."

Mwalimu alimgeukia Ambokile. Alikuwa hajaelewa bado, mzee wa watu. Ambokile alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Nilivaa vizibao viwili," alisema. "Changu, na cha kwake juu yake, sweta juu ya vyote. Nikakimbia mbio zangu na zake. Yeye alikaa ndani ya chai kwenye ukungu, akatokea mwishoni. Alinipigia magoti, Mwalimu. Kwa goti lilelile bovu. Akaniambia, pacha, nikipumzishwa wiki hii, hawa watu hawarudi tena, nimekwisha. Nifanyeje? Nije nikwambie? Mwenyewe ulitufundisha pacha hasemwi. Nilidhani nambeba. Nilijua goti linauma, sikujua linakatika. Lakini mimi ndiye niliyekimbia, acheni niingie mimi."

Mwalimu alikaa chini pale pale sakafuni. Vyote vilikuwa vyake: desturi alikuwa ameisifu yeye, vizibao alikuwa amevikubali yeye, kugeuka kule alikuwa amekufundisha yeye, kwenye matope, siku baada ya siku. Alitafuta pa kusimama katika jambo lile asipaone. Alitamani mtu mmoja tu awe mbaya kati yao, hata kama ni yeye mwenyewe, ili mambo yaishe.

"Aliumia wapi?" aliuliza. "Hilo goti, lilianzia wapi?"

Ambokile akamtazama Mama Lugano, kisha akatazama chini. Pacha hasemwi, na pengine mama wa pacha pia.

Mama Lugano akavua khanga kichwani, akajifunika nayo uso.

"Aliteleza shambani kwangu," alisema ndani ya khanga. "Nilimtuma mkungu wa ndizi, mvua inanyesha. Aliniambia, mama, usimwambie Mwalimu. Nikamkanda kwa maji ya moto kila siku, likawa linazidi kuvimba. Nilinyamaza. Mlimweka benchi msimu mzima, nikaona wivu na uchungu, nikasema mara hii acha acheze, acha wamwone. Mara moja tu wamwone."

Tusekile akaketi karibu na mama, asijue amshike au asimshike. Nesi akapita na toroli, akawaambia muda wa kuona wagonjwa unaisha, mwenye kuingia aingie.

Mlangoni mle ikatoka sauti ya kijana, sauti ya furaha kabisa.

"Mwalimu, ni wewe huko? Nakusikia. Ingia basi! Nataka kukuuliza, wale wa Dar waliona ulivyonifundisha kugeuka? Walisemaje?"

Wote wanne wakautazama mlango.

Najua yuko kati yenu atakayesema mwenye kosa ni Lugano mwenyewe, aliyempigia pacha wake magoti na kumfunga mama yake mdomo. Haya, sawa. Lakini yeye yupo ndani tayari, kitandani, na hajui. Waliopo nje ni hawa: aliyeona akanyamaza kwa kiapo, aliyesoma namba akanyamaza kwa ajili ya wengine, aliyekimbia kwa upendo, na aliyemzaa. Kila mmoja anasema ni yeye, na kila mmoja sababu anayo. Nesi amerudi, amesimama na funguo, anataka kufunga. Haya, nyie mnaopenda kuamua mambo ya watu, niambieni, tena haraka: ni yupi kati yao aliyestahili kuufungua mlango ule na kumwambia?